Binti Aliyeitika Bila Kuitwa

Haya hayakunitokea mimi. Yalimtokea jirani yangu, fundi wa sare za shule, ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja. Mengi amenieleza mwenyewe. Mengine niliyasikia kwa masikio yangu nikajitia hamnazo, kama mtaa mzima ulivyojitia, kwa hiyo nikilaumu mtu hapa, ujue na mimi nimo.

Ilikuwa Jumanne, mchana kweupe. Fundi alikuwa chumba cha mbele, mbele ya cherehani yake, amezungukwa na mashati meupe yanayongoja kola. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na kazi ilikuwa imemfika shingoni. Binti yake wa pekee alikuwa jikoni anaosha vyombo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, ameajiriwa studio ya picha, kazi yake kukata picha za pasipoti. Siku hiyo alikuwa mapumzikoni.

Mtaani hatukumwita jina lake. Tulimwita Abee, kwa utani. Tangu mdogo mama yake alimfundisha kwamba akiitwa mara moja, aitike "abee" kabla hajaitwa mara ya pili, na aje mbio. Akichelewa, sikio lilifinywa. Wenye watoto wa vichwa vigumu tulimwonea wivu fundi. Mtoto yule ana adabu mpaka anakera, tulisema.

"Abee, mama!"

Akatokea mlangoni, mikono inachuruzika povu. Fundi akamtazama, akainua nyusi.

"Si umeniita?" binti akauliza.

Fundi akatikisa kichwa. Alitaka kumjibu kwa maneno, ikabidi angoje kidogo. Midomoni alikuwa amebana pini sita, na ilibidi azitoe moja moja ndipo aweze kusema kitu.

"Sijakuita, mwanangu."

"Basi masikio yangu yameanza uzee," binti akasema, wakacheka wote wawili, akarudi kwenye vyombo vyake.

Wiki ile aliitika mara tatu. Wiki iliyofuata, fundi aliacha kuhesabu. Msichana alikuwa anaitika akiwa uani, akiwa bafuni, akiwa katikati ya sentensi. Halafu akaanza si kuitika tu, bali kutii. Siku moja fundi alimkuta amesimama juani, miguu peku, jasho linamtiririka.

"Unafanya nini hapa?"

"Umeniambia nisimame mpaka utakaponiruhusu."

Siku nyingine alisukuma sahani mbali. Fundi akamwuliza kama chakula kimezidi chumvi. Binti akamtazama kwa mshangao, kisha akasema polepole, kama mtu anayemkumbusha mzazi msahaulifu, kwamba mama ndiye aliyemkataza asile chakula cha nyumba hii.

"Nimekukataza lini?"

"Sasa hivi. Ulipokuwa unatafuna."

Fundi akaweka kijiko chini. Binti angekuwa anasikia mashetani, angekuwa anasikia babu zake waliokufa, labda fundi angejua pa kuanzia. Lakini mtoto alikuwa anaisikia sauti ya mama yake mwenyewe.

Aliyechukua hatua hakuwa mzazi wala jirani. Alikuwa mwenye studio, mwajiri wake, mzee mmoja mkavu asiyecheka na mtu. Aliona msichana anawajibu watu wasiokuwapo, akafunga duka saa nne asubuhi, akampeleka hospitali, ndipo akatuma mtu kumwita fundi.

Daktari wa akili alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu. Alimwambia fundi jina la ugonjwa, skizofrenia, akalirudia mara mbili ili alishike.

"Haigizi," akasema. "Ubongo wake unatengeneza sauti, naye anaisikia kabisa, kama unavyonisikia mimi. Hajarogwa. Wala si malezi yako."

"Mbona ni sauti yangu?"

"Pengine kwa sababu ndiyo aliyoizoea kuliko zote. Usibishane naye, wala usijifanye na wewe unasikia. Mwambie, mimi sijasema, lakini najua wewe umesikia. Na zungumza naye. Zungumza naye sana, mama. Awe na sauti yako ya kweli ya kushika."

Vidonge vilikuwa vya kila jioni, na vilichukuliwa kila mwezi kwenye dirisha la dawa, palipokuwa na muuguzi mmoja na daftari lake. Daktari alisema vitachukua wiki kadhaa. Akasema pia visikatwe ghafla, hata akionekana amepona.

Na vilifanya kazi! Hili nalisema kwa uchungu, maana nililiona. Mwezi wa pili msichana alirudi studio. Aliniambia ukutani kwetu, huku anaanika nguo, kwamba sauti bado ipo lakini imekwenda mbali, kama redio ya nyumba ya tatu. Alisema anajua sasa ipi ni ipi. Alikuwa amenenepa kidogo, analala sana, na mikono ilimtetemeka akishika kikombe. Daktari aliwaambia hilo lina dawa yake, warudi wakalizungumze.

Hawakurudi kwa daktari; fundi alipitia dirishani tu kuchukua vidonge. Fundi alikuwa anaona haya. Kwa wateja alisema ilikuwa malaria, imempanda kichwani. Tulimjibu pole, kisha tukifika kona tulisema kichaa, na tuliangua kicheko pale tuliposimulia alivyokuwa akiitikia ndoo tupu uani.

Ndipo akaja wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mwenye jibu la kila kitu.

"Wifi, mtoto wa kaka yangu anatetemeka kama bibi kizee, na wewe unamwangalia tu? Hizo ni dawa au sumu?"

"Daktari amesema..."

"Daktari anajua nini? Mtu gani anaugua sauti ya mama yake? Sauti yako imeibwa, wifi. Kuna mtu anaitumia."

Akampeleka fundi kwa mganga wake, aliyemwita mtaalamu. Hapakuwa na vibuyu wala mafuvu. Palikuwa na viti vya plastiki, kalenda ukutani, na mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Akamsikiliza fundi mpaka mwisho. Akasema sauti iliyoibwa inaishi kwa kula maneno ya mwenyewe. Fundi anyamaze siku saba. Asitamke hata neno moja, kwa mtu yeyote. Sauti itakosa chakula, itarudi nyumbani kwake, na mtoto atapona moja kwa moja. Na vile vidonge vitupwe, maana vinaiziba njia ya kurudi.

Hapa ndipo ninapomlaumu, na nimemwambia usoni. Alijua vidonge vilikuwa vinamsaidia mwanawe. Lakini kuwa na mtoto aliyerogwa na watu ni msiba ambao majirani wanakuja kukufariji. Kuwa na mtoto mgonjwa wa akili ni jambo la kufichwa. Akachagua lile la kwanza. Alivimwaga chooni vyote, akajifunga kitambaa shingoni, akaandika kwenye karatasi: *Nimeumwa koo, siwezi kuongea.* Akaibandika juu ya cherehani.

Siku ya kwanza binti alimchemshia maji ya kusukutua.

Siku ya pili alimkazia macho mdomoni wakati wote wa chai. Mwisho akanong'ona, "Mama, unawezaje kuongea bila kufungua mdomo?"

Siku ya tatu nilimsikia kupitia ukutani. Alikuwa chumbani peke yake, anacheka kicheko kile cha mtu anayesimuliwa habari tamu na mzazi wake. Upande wa mbele cherehani ilikuwa inanguruma bila kusimama. Kisha nikamsikia akiitika. Abee. Kimya. Abee. Kimya. Sikubisha hodi.

Siku ya nne hakula kitu.

Siku ya tano, saa sita mchana, alikuja chumba cha mbele amevaa nguo zake za kazini. Viatu alikuwa ameshika mkononi. Alisimama mbele ya mama yake, midomo imemkauka.

"Umesema tunahama," akasema. "Umesema umeshatangulia, unaningoja huko. Sasa mbona uko hapa?"

Fundi akatikisa kichwa kwa nguvu.

"Kuna wewe unayeongea, na kuna wewe usiyeongea. Sijui nimfuate nani."

Cherehani ilisimama.

"Niambie neno moja, mama. Moja tu. Niambie hata mwanangu."

Fundi ameniapia kwamba neno lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini alikumbuka siku tano alizozivumilia. Zilibaki mbili. Mbili tu, na mtoto angepona moja kwa moja. Akaweka kidole midomoni, akamtazama kwa macho ya kumsihi.

Binti alingoja. Alingoja sana. Halafu shingo yake ikageuka upande wa lango, ghafla, na uso wote ukalegea kwa faraja.

"Abee, mama! Nakuja!"

Akatoka mbio.

Fundi akamfuata. Akamwona anavuka barabara, peku, viatu bado mkononi. Hapo ndipo alipopiga kelele. Alimwita jina lake, lile halisi, kwa nguvu zake zote. Ila koo lilikuwa limelala siku tano na kilio kilikuwa kimelijaa. Kilichotoka kilikuwa kitu cha kukwaruza. Kinene. Kigeni. Nilikisikia nikiwa ndani, nikadhani ni mwanamume anapigwa.

Binti alisimama. Akageuka. Alisikiliza kwa adabu yake yote.

"Samahani," akasema. "Sikufahamu. Mama yangu ananiita."

Lori likapita kati yao. Lilipomaliza kupita, ng'ambo ya barabara hapakuwa na mtu.

Tulitafuta. Polisi, hospitali, hata vyumba vya maiti. Mwenye studio alichapa picha yake mamia kwa mamia, akazibandika mwenyewe, hataki msaada wa mtu. Wifi alikuja akakaa kitako, akasema kosa ni la fundi: ungevumilia siku mbili, wifi, ungekuwa na mwanao. Nilikuwapo. Nilitamani kumtoa kwa mateke. Daktari hakumlaumu kabisa, na hilo lilimuumiza fundi kuliko yote. Aliuliza tu ni nani aliyekuwa akizungumza na mgonjwa siku zile tano. Fundi alilijua jibu.

Sauti yake haikurudi. Ilibaki vile vile, ya kukwaruza, mpaka leo.

Miezi minne baadaye alikwenda kwenye dirisha la dawa. Hakuwa na haja kubwa. Alitaka faili la mwanawe lisifungwe. Muuguzi alikuwa ameinama anaandika, foleni imefika mlangoni. Fundi akasukuma kadi ya kliniki chini ya kioo.

"Huyu ameshachukua," muuguzi akasema bila kuinua uso.

"Ameshachukua nini?"

"Dawa za mwezi huu. Na za miezi iliyopita. Hajakosa. Wewe ni nani kwake?"

"Mama yake."

Kalamu ikasimama. "Mama yake alikuja Jumatatu. Nilikuwa naandika hivi hivi, sikumtazama, lakini sauti yake naijua. Mama mwenye sauti nzuri. Alisema mtoto anakula, analala, mikono haimtetemeki tena."

Fundi akashika ukingo wa dirisha. "Wanakaa wapi?"

"Hilo siwezi kukuambia." Muuguzi akashusha sauti, akawa kama anaona aibu. "Alisema kuna mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza atakuja kuuliza. Akaniomba nimwambie asimsumbue mtoto."

Akaligeuza daftari ili fundi aone mwenyewe. Jina la binti yake lilikuwapo. Idadi ya vidonge ilikuwapo. Kwenye nafasi ya aliyepokea palikuwa na neno moja, *Mama*. Fundi akaligusa. Ilikuwa Alhamisi, na wino ulikuwa mbichi.

Alikuja moja kwa moja kwangu, akanionyesha kidole chenye bluu. Nilisema labda ni binti mwenyewe, watoto wa kike huwa na sauti za mama zao, labda yu mzima mahali fulani na hataki kuonekana. Nilitaka iwe hivyo. Bado nataka.

Siku hizi anaacha kazi kila mwanzo wa mwezi, anakwenda kukaa kwenye benchi mbele ya dirisha lile, kuanzia linapofunguliwa hadi linapofungwa. Hajamwona mtu. Jioni muuguzi anamfungulia daftari, na palipo na jina la binti pamekwisha kuandikwa. Yeyote yule anayemchukulia mtoto dawa, hajakosa hata mwezi mmoja.