Suruali ya Kijivu

Kila siku akitoka shule, Uzi alipitia dukani kwa baba yake kabla ya kwenda nyumbani. Jina hilo la Uzi si la shuleni. Alipewa na wateja, kwa sababu tangu akiwa mdogo hakukosa kipande cha uzi kwenye nywele, kwenye soksi au mdomoni. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na kazi zake dukani zilijulikana: kufagia vipande vya vitambaa, kuokota pini sakafuni kwa sumaku, na kufumua nguo zilizoletwa kurekebishwa. Kwa kufumua alikuwa bingwa. Kushona pia alijua, ingawa baba alimwachia mishono iliyonyooka tu.

Duka lilikuwa chumba kimoja chenye ngazi mlangoni, meza ya kukatia, kioo kirefu na cherehani mbili. Baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikaa nyuma ya cherehani kubwa asubuhi hadi jioni. Alikuwa hodari wa kazi na hodari wa kula. Soda ilikaa kulia kwake, viazi vya kukaanga kushoto, na tumbo lake likakaa katikati, limeegemea meza kama mteja aliyekuja kudai nguo yake.

"Fundi!" fundi viatu wa mlango wa pili alipenda kumtania. "Naona tumbo limeshafika kazini. Wewe mwenyewe utafika saa ngapi?"

"Tumbo ni meneja," Fundi alijibu bila kuinua macho. "Lazima liwahi."

Suruali ikimbana, Fundi hakuhangaika. Mafundi wana desturi yao: wanaposhona suruali huacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono wa nyuma, nacho hukiita akiba. Mwenye suruali akinenepa, mshono hufumuliwa, akiba hufunguliwa, maisha yanaendelea. Fundi alikuwa amefungua akiba za suruali zake zote isipokuwa moja, ile ya kijivu aliyojishonea siku ya kumwoa mama yake Uzi.

Siku moja alisimama ghafla kumpima mteja, dunia ikamzunguka. Akashika meza. Mkasi ukaanguka, na mteja akamwahi kabla hajaanguka yeye pia. Mama aliacha kila kitu akampeleka hospitali, na Uzi akafuata nyuma na mkoba wa shule mgongoni.

"Presha yako iko juu, na uzito umezidi," daktari alisema huku akimfungua ile mashine ya mkononi. "Vidonge sitakuanzishia leo. Punguza chumvi, mafuta na sukari. Fanya mazoezi. Baada ya miezi miwili urudi nikupime. Lakini urudi, baba. Presha ni mgeni asiyepiga hodi. Wengi hujiona wazima mpaka siku wanapoanguka."

Njia nzima mama alimshika mumewe mkono. Walipofika nyumbani alivua viatu, akakaa, akasema polepole: "Baba Uzi, mzee wako alianguka juu ya cherehani hiyo hiyo unayoshonea wewe, hakuinuka tena. Mimi siko tayari kuwa mjane."

Maneno hayo yalimchoma Uzi kuliko pini zote alizowahi kuokota.

Basi Fundi akaanza safari. Nyuma ya soko kulikuwa na ukumbi wa mazoezi ambao watu waliuita jimu tu. Uliendeshwa na bondia mstaafu aliyeitwa Kocha, mtu wa sauti nzito na maneno machache. Kocha alimwambia Fundi ajipime kiuno kwa futi, ule utepe wa mafundi, aweke alama, kisha asijipime tena kila mara. "Mwili hauna haraka," alisema. "Wewe fanya kazi yako, nao utafanya yake." Fundi akafunga uzi mwekundu kwenye futi pale tumbo lilipokomea, akaitazama alama ile kwa chuki, akaitupa futi ndani ya droo.

Jioni ya kwanza alirudi nyumbani akichechemea. "Leo nimepanda baiskeli," alitangaza. "Nimekanyaga mpaka roho imetaka kunitoka, nashuka, najikuta pale pale nilipopandia! Baiskeli gani hiyo? Hata kwa jirani haikufika."

Mezani nako mambo yalibadilika. Soda ikawa maji, viazi vya kukaanga vikawa vya kuchemsha, na nusu ya sahani ikajaa mboga za majani.

"Mama Uzi, hii sahani au shamba?" Fundi aliuliza. "Mbuzi akipita hapa tutagombana."

"Kula, meneja," mama alimjibu. "Tunakupunguzia wadhifa."

Walicheka, na Fundi akala. Lakini alikuwa na haraka kuliko mwili wake. Aliitundika suruali ya kijivu kwenye msumari karibu na kioo, akaapa mbele ya mkewe na bintiye: "Siku kifungo cha suruali hii kitakapofunga, mjue nimepona." Kila Jumamosi akaijaribu. Alivuta pumzi, akavuta tumbo, akavuta kitambaa. Kifungo kilikodolea tundu lake macho kwa mbali, hakikulifikia.

Jumamosi ya nne aliivua kwa hasira akaitupa juu ya meza. "Mwili huu umekataa! Natoka jasho kama bomba lililopasuka, nakula majani kama sungura, na kifungo hakisogei. Basi. Jumatatu siendi tena." Akachukua mkoba, akaenda sokoni kununua vifungo vya kazi.

Uzi alibaki peke yake na ile suruali. Alisikia tena sauti ya mama: *siko tayari kuwa mjane*. Baba akiacha mazoezi itakuwaje? Labda alihitaji kutiwa moyo kidogo tu. Uzi aliigeuza suruali nje ndani. Akiba ilikuwa pale, pana, haijaguswa tangu siku ya harusi. Alichukua kifumulio, akafumua mshono wa nyuma, akashona mwingine ukingoni kabisa mwa kitambaa. Kisha akapiga pasi ya maji mpaka alama ya mshono wa zamani ikapotea.

"Ni uongo mdogo," alijiambia. "Tena ni wa kumsaidia."

Fundi hakuweza kujizuia, Jumatatu alasiri akaijaribu tena. Kifungo kikaingia. Aliganda mbele ya kioo. Alikigusa kifungo, akapitisha kiganja nyuma ya kiuno, kisha akapiga kelele iliyomleta fundi viatu na kiatu kimoja mkononi.

"Ona! Ona, ndugu yangu! Meneja kafukuzwa kazi!"

"Haki ya nani!" fundi viatu alisema akimzunguka. "Kumbe majani yanafanya kazi?"

Mama alipofika alicheka huku machozi yanamlengalenga. Uzi naye alicheka, ila macho aliyaelekeza sakafuni kama anayetafuta pini.

Alidhani baba sasa angekimbilia jimu kwa nguvu mpya. Wapi! Fundi alikwenda siku mbili tatu, akaacha. "Mgonjwa akipona huachana na dawa," alisema. Soda ikarudi kulia. Viazi vya kukaanga vikarudi kushoto. Siku ya kurudi kwa daktari ilipokaribia, mama alimkumbusha.

"Daktari atapima nini ambacho suruali haijapima?" Fundi alijibu. "Nina nguo za harusi za watu hapa. Sina nafasi."

Mama alisita. Aliitazama suruali ya kijivu mwilini mwa mumewe. "Haya," akasema, "kama kweli umepona."

Uzi aliinamia sumaku yake ya pini. Duniani kote, yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba baba hakuwa amepona.

Mchana wa kesho yake lililetwa jora zima la kitambaa cha harusi. Fundi alilibeba begani, akapanda ngazi za duka. Kwenye ngazi ya mwisho alisimama. Jora likamteleza likajifungua chini, nao mkono wake ukatafuta fremu ya mlango. Uso wake ulilowa jasho. Uzi alimkimbilia, akamshika kiuno, akamkalisha kwenye kiti na kumletea maji.

"Ni jua tu, mwanangu," Fundi alisema akihema.

Nje kulikuwa na mawingu.

Uzi alimtazama baba yake amekaa mbele ya cherehani ya babu. Akasogea karibu yake. "Baba, kesho lazima uende kwa daktari. Hujapungua. Mimi niliifungua akiba ya suruali. Ile siku uliyokwenda sokoni. Niliogopa utaacha mazoezi, na sasa umeyaacha kwa sababu yangu. Nisamehe, baba. Tafadhali nenda."

Fundi aliitazama suruali aliyoivaa. Aliomba aletewe suruali nyingine, akabadilisha nyuma ya pazia, akarudi na ile ya kijivu. Aliigeuza nje ndani na kuusogeza mshono karibu na macho.

"Umeshona wewe?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa hii cherehani kubwa?"

"Ndiyo."

Alipitisha kidole juu ya mshono, taratibu, mwanzo hadi mwisho. "Umenyooka," akasema. "Umenyooka kuliko aliyeushona."

Hapo Uzi aliangua kilio. Fundi alimwacha alie kidogo, kisha akamvuta karibu.

"Na kuliko aliyeuvaa," akaongeza. "Unadhani mimi, fundi wa miaka yote hii, ningevaa suruali iliyofumuliwa nisijue? Siku ile nilipitisha mkono nyuma, vidole vikaniambia, hapa pameguswa. Nikaviambia vinyamaze. Nilitaka sana iwe kweli. Wewe ulidanganya, mimi nikaupokea uongo kwa mikono miwili."

Akafungua droo, akatoa futi yenye uzi mwekundu. "Suruali tumeichafua mimi na wewe. Tuiulize hii. Haina akiba."

Uzi alifuta machozi, akamzungushia baba futi kiunoni. Aliivuta, akaikagua, akaivuta tena. Macho yakamtoka.

"Baba! Haijafika kwenye uzi mwekundu."

"Imepungukia wapi?"

"Upana wa kidole. Kidole kizima!"

Fundi aliinama kutazama mwenyewe. Alicheka, kwanza kwa pumzi, kisha kwa sauti. "Kidole kimoja! Hiki ni changu, nimekitolea jasho. Hata soda zote hizi hazijakimaliza. Unaona, Uzi? Ukweli ulikuwa umeanza kuja, mdogo, kwa miguu yake. Wewe ukaufunika kabla sijauona."

Jioni ile ile walimwambia mama kila kitu. Mama aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. "Nimeolewa na fundi na nimezaa fundi," alisema, "na wote wawili mmenishonea kofia ya kunifunika macho." Lakini asubuhi alikuwa wa kwanza kuwa tayari kwenda hospitali.

"Imeshuka, ingawa kidogo," daktari alisema. "Usingeacha, ungekuwa mbali. Nakuongezea muda, ila nitakuona mara kwa mara, na kizunguzungu kikikurudia, njoo siku hiyo hiyo. Na usiniletee habari za suruali."

Tangu hapo Uzi alifuatana na baba mpaka jimu. Baba alikanyaga baiskeli yake isiyofika popote, naye aliruka kamba uani pamoja na watoto wengine hadi jasho likamtoka. Mchana, Fundi aliinuka cherehani kila alipomaliza nguo, akazunguka mtaa kidogo ndipo ashike nyingine. Siku nyingine alinung'unika. Siku nyingine alitazama viazi vya kukaanga vya watu kwa huzuni. Uzi hakumdanganya kwamba ni rahisi, wala hakumwacha peke yake. Suruali ya kijivu aliirudisha kwenye mshono wake wa kwanza kwa mkono wake, ikatundikwa tena msumarini, na hakuna aliyeigusa.

Msimu mzima ukapita. Ikafika siku daktari alipima mara ya kwanza, akapima tena kuhakikisha, akatabasamu. "Presha imerudi mahali pake. Usiihamishe tena." Mama alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua ndoo aliyoibeba mwaka mzima.

Walipitia dukani. Fundi alichukua suruali ya kijivu, akaingia nyuma ya pazia. Pazia likatikisika. Kisha kikasikika kicheko. Alitoka, kifungo kimefunga, na hakuwa amevuta tumbo.

Fundi viatu alikuwa ameshafika mlangoni. "Mimi siamini suruali za ukoo huu," alisema. "Ikaguliwe!"

"Sawa kabisa," Fundi akasema. Akarudi nyuma ya pazia, akabadilisha, akampa binti yake ile ya kijivu. "Kagua, fundi."

Uzi aliigeuza nje ndani chini ya dirisha. Akiba ilikuwa pale, pana, imelala salama ndani ya mshono wake. Aliinua uso uking'aa. "Haijaguswa, baba."

Fundi alimwekea mkono begani. "Sikia, mwanangu, na ukumbuke hata nikiwa sipo. Ukimpenda mtu usimlegezee mshono ili ajione mzima. Mshikie futi, mwambie ilipofika, kisha utembee naye mpaka ipungue. Uongo ulinipa furaha ya wiki chache ukataka kuniua. Ukweli ulinipa kidole kimoja, na kidole hicho kimenirudisha kwenu."

"Mwisho wa hotuba," fundi viatu alisema, akitoa msumari wake wa kutobolea ngozi. "Lete huo mkanda wako. Zamani kila nikitoboa tundu jipya nilikuwa naelekea nje, kulifuata tumbo. Leo niachie nitoboe la ndani, bure."