Mgeni Aliyejiita Zabibu

Saa kumi na nusu jioni, mwezi wa Desemba, kwenye pwani ile ya magharibi ya Ireland, giza huwa limeshafika. Halianguki ghafla kama kwetu. Mchana unaanza kuchoka tangu saa nane, unafifia, unafifia, mpaka unashtuka huoni mkono wako.

Siku ile nilitoka na ndoo kwenda kuchukua vya kuwasha moto. Wale hawachomi kuni. Wanachimba udongo mweusi wa kinamasi, wanaukata kama matofali, wanaukausha. Unawaka polepole na moshi wake una utamu fulani. Banda la kuuhifadhia lilikuwa nyuma ya nyumba, hatua kama thelathini. Mbele, ng'ambo ya barabara, ilikuwa bahari. Sikuiona. Niliisikia tu ikiburuta mawe.

Nilikuwa nimemaliza miezi miwili pale, nikimtunza Mama Attracta, mjane wa miaka themanini na tatu ambaye magoti yake yalikuwa yamemgomea. Jirani wetu wa karibu alikuwa ng'ombe. Nilishaanza kuzoea viatu vya mpira, nguo zisizokauka, chai kila saa, mvua inayokuja kwa ubavu badala ya kushuka kutoka juu. Mama Attracta aliniita Emerita, namna yake ya kutamka Emérite. Ndilo jina lililokuwa kwenye karatasi zangu.

Halikuwa langu.

Nilikuwa nimeinama bandani, najaza ndoo, iliponijia harufu.

Mafuta ya taa... na godoro linaloungua.

Nikasimama wima. Nyumba ile haikuwa na mafuta ya taa hata tone. Nikageuka. Kutoka upande wa mbele nikasikia mlango ukigongwa. Mara tatu, kwa upole. Kisha sauti ya mwanamke.

"Hodi..."

Katika nchi ile nzima, nani anabisha hodi?

Nilikimbia nikaingia kwa mlango wa jikoni. Mama Attracta alikuwa kitini karibu na jiko, rozari mkononi. "Kuna mtu mlangoni, Emerita."

"Ni upepo, mama."

"Upepo haugongi mara tatu."

Nikapita ukumbini, ndoo bado mkononi. Nikasimama mbele ya mlango. Mdomo wangu ukauliza kwa Kiswahili kabla sijauzuia.

"Nani?"

Sauti ikaja, chini kabisa, usawa wa tundu la ufunguo.

"Mimi, Zabibu. Fungua, sha."

Ndoo ikaniponyoka.

Zabibu ni mimi. Ndilo jina alilonipa baba yangu pale Buyenzi, Bujumbura. Na sauti iliyolitamka, pamoja na lile "sha" la kwetu la kumwita rafiki, niliifahamu kama ninavyofahamu ya mama yangu. Ilikuwa sauti ya Emérite. Mwenye jina langu la kwenye karatasi.

Hapa lazima nirudi nyuma, ingawa uso unaniwaka nikifika sehemu hii.

Mwaka 2008 tulikuwa Johannesburg, tunakaa Alexandra, mimi na yeye. Warundi wawili. Yeye Mkatoliki wa Rumonge, mimi Mwislamu. Tulisuka nywele pamoja karibu na stendi ya taxi, kiti kimoja, mwavuli mmoja. Yeye alilala kwenye kibanda cha mabati. Mimi nilikuwa nimepanga chumba cha tofali, nyuma ya nyumba ya gogo mmoja, ndivyo kule wanavyomwita bibi kizee, chenye mlango wa chuma. Kwa hiyo mkoba wake wa kutunzia karatasi aliuacha kwangu. Mlango wako ni imara, alisema.

Ndani ya mkoba kulikuwa na barua. Mtawa mmoja wa Ireland, aliyewahi kufanya kazi parokiani kwao, alikuwa anatafuta mtu wa kumtunza shangazi yake. Yeye na Emérite waliandikiana tu. Hawakuwahi kuonana.

"Baridi ya huko ni kali, sha," Emérite aliniambia akicheka, "lakini hakuna atakayenifukuza."

Mwezi wa tano wakaja. Watu wenye marungu na madumu ya mafuta ya taa, wanawawinda wageni chumba kwa chumba. Jioni moja Emérite akakimbilia kwangu. Akagonga mlango wa chuma.

"Zabi, ni mimi. Fungua."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, komeo mkononi. Nilisikia pumzi yake. Nilisikia na miguu yao pia, bado mbali, wako kona ya spaza, kile kiduka cha mtaani. Muda ulikuwepo. Kila mara nikisimulia habari hii nilikuwa nasema walishafika. Uongo. Muda ulikuwepo.

"Najua uko ndani... Zabi?"

Nikaegemeza mgongo mlangoni. Nikaziba masikio.

Asubuhi kibanda chake kilikuwa majivu. Watu wakasema kuna Mrundi ameungulia humo, msichana. Sikuuliza ni nani. Niliamini haraka, kwa sababu kuamini kulinifaa. Tukapelekwa kwenye mahema, na mahemani karani alikuwa anauliza kila mtu jina lake, maana karatasi za wengi zilikuwa zimeungua na walipewa mpya. Mkoba wa Emérite nilikuwa nimeubana kwapani. Zamu yangu ikafika. Nikafungua mdomo. Likatoka jina lake.

Ndivyo nilivyofika Ireland mwaka uliofuata. Kila jioni saa kumi na mbili nilipiga magoti na Mama Attracta, nikapiga ishara ya msalaba niliyojifunza kwa kuchungulia wengine, nikaomba kwa maneno nisiyoyajua, kwa jina la mtu niliyemfungia nje.

Jioni ile ya kwanza pale Ireland sikufungua. Sauti ilinyamaza yenyewe.

Kesho yake ikarudi. Saa ile ile, harufu ile ile ikitangulia. Safari hii nilikuwa ukumbini tayari. Nilisikia kucha zikikwaruza ubao, taratibu, kama mtu aliyechoka.

"Mimi, Zabibu... Baridi."

Nami nikafanya nini? Nikageuka. Nikauegemeza mgongo mlangoni na kuziba masikio.

Vilevile. Kama kule Alexandra.

Nilipofumbua macho Mama Attracta alikuwa amejikokota mpaka mlango wa jikoni, ameshikilia fremu yake ya kutembelea. Alikuwa ananitazama. Nilitamani sakafu ipasuke.

Siku ya tatu ilikuwa tarehe kumi na tisa Desemba. Mvua ilikuwa imegeuka barafu ndogondogo, zinapiga kioo kama mchele. Saa kumi na dakika arobaini mlango ukagongwa. Nikainuka kwenda kuuzuia.

"Keti," Mama Attracta akasema.

"Mama, usifungue. Nakuomba."

"Kwa mama yangu hatukuwahi kumwacha mtu nje kwenye hali kama hii. Keti, mwanangu."

Sikuketi. Nilijibanza ukutani karibu na kabati la vyombo. Nilisikia fremu yake ikigonga sakafu, tok... tok... tok... mpaka ukumbini. Nikasikia ufunguo. Baridi ikaingia mpaka jikoni, na moshi wa godoro ndani yake.

"Maskini wewe," Mama Attracta alisema. "Umelowa mpaka mifupa. Ingia, ingia."

Akarudi polepole. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Lakini kwenye vigae vya sakafu zilikuwa zinatokea nyayo za maji. Peku. Mguu mmoja, vidole vitano. Kisha mwingine. Zikavuka jikoni. Zikaenda mpaka kiti cha karibu na moto.

Kiti kikalia, kama kinavyolia kikikaliwa.

"Mpe dada yako chai, Emerita."

"Mama... simwoni."

"Huwezi kumwona, umeinamisha kichwa." Sauti yake haikuwa kali. "Yeye amekutazama tangu alipoingia."

Nilimimina chai. Kikombe kikawa kinaimba juu ya kisahani. Nikakiweka kwenye kigoda kando ya kile kiti. Nikarudi ukutani. Ningeweza kuinua macho. Hakuna aliyenizuia. Niliogopa uso wake, ndiyo, lakini zaidi niliogopa aone wangu.

Sijui ilipita muda gani. Harufu ilikatika ghafla, kama mtu aliyefunga dirisha. Nilipotazama, kiti kilikuwa kitupu na kikombe pia. Mama Attracta alikuwa analia bila sauti.

"Mikono yake," alininong'oneza. "Nani aliifanya mikono yake vile?"

Nilimwambia yote pale pale, nimepiga magoti, na safari hii sikuwa naigiza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema alikuwa ameshajua kuwa mimi si Mkatoliki, kwa sababu msalaba wangu ulianzia bega lisilo lake.

"Sasa nikuite nani?" akauliza.

Nikainuka, nikakiondoa kile kikombe kitupu.

"Ana ndugu, huyo msichana?"

"Kaka yake. Anaitwa Claude. Namba yake imo kwenye daftari lililokuwa mkobani."

"Na hukuwahi kumpigia."

"Hapana."

"Basi nenda kwake. Usimpigie. Nenda."

Mtawa alipata mtu mwingine baada ya Krismasi. Mwezi wa kwanza, 2010, nilikuwa Hillbrow, Johannesburg, nimesimama mbele ya ghorofa ambalo Warundi wa pale waliniambia Claude analinda. Nilimtambua kwa paji la uso, la dada yake kabisa. Nikamwambia mimi ni nani. Nilitegemea kofi. Nililitaka.

Claude alivua kofia ya ulinzi. Akaketi kwenye ngazi.

"Dada hakufa siku ile," alisema.

Nikashika ukuta.

"Alirudi kibandani kwake, akaungua mikono na mgongo, lakini akatoka hai. Alipopata nafuu ya kwanza alikwenda kwenye mahema kujiandikisha. Akawatajia jina lake. Wakamwambia mwenye jina hilo ameshaandikwa na picha yake ipo, wewe ni mwongo. Wakamfukuza kwenye foleni."

Gari zilikuwa zinapiga honi pale kwenye robot, taa za barabarani. Claude alisubiri zitulie.

"Aliona ile picha mezani, Zabi. Alijua ni wewe. Kidonda kilipooza wakamrudisha hospitali, wakataka jina. Akawapa lililobaki. Akawapa lako. Mwaka mmoja na nusu alikuwa anaingia na kutoka wodini, anaitwa Zabibu. Nilipotoka Cape Town na kumkuta hivyo, nikataka kwenda kufanya fujo. Akanikataza. Alisema, mwache, aliogopa."

"Alifariki lini?" Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine.

"Desemba, tarehe kumi na tisa. Saa moja jioni kasoro dakika chache. Nilikuwa kando ya kitanda."

Joburg iko mbele ya Ireland kwa saa mbili. Sikuhitaji vidole kuhesabu.

"Siku tatu alikuwa anasema baridi, baridi, na nje jua linachoma," Claude aliendelea. "Halafu ile jioni akatulia. Akasema kuna bibi wa kizungu amemfungulia, amemkalisha karibu na moto, chai yake ina maziwa mengi. Nikadhani ni homa." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Akasema, Zabi alikuwepo. Alisimama ukutani. Hakuniangalia."

Nilikaa chini pale pale, kwenye saruji, watu wananiruka.

Claude alinipeleka makaburini Jumapili. Kuna kibao pale, na jina juu yake ni langu, limeandikwa vizuri, herufi zote. Kwenye vitabu vya nchi hii mimi ndiye niliyekufa. Miaka minne sasa nakaa Kensington, hapa hapa Joburg, nashona mapazia dukani kwa Mkongo mmoja, na karatasi zangu bado zinasema Emérite. Nilijaribu kuzirudisha mara moja. Yule mama wa dirishani alitazama kompyuta, akanitazama mimi, akasema, "Eish, dada, huyu Zabibu ni marehemu."

Lakini adhabu yenyewe alinipa Claude, bila kukasirika. Mama yao, Mama Léocadie, bado yuko hai Rumonge. Macho yameshaisha. Claude hakuwahi kumwambia. Alimwambia Emérite amefika Ireland, anamtunza bibi mmoja karibu na bahari, na kazi ni nyingi.

"Anasubiri simu yake," Claude alisema. "Mimi siwezi tena kutunga. Wewe ulifika huko. Wewe mpigie."

Kwa hiyo kila Jumapili jioni nampigia. Nafunga mlango wa chumba, nazima redio, na mimi Zabibu namwambia mama wa watu: ni mimi, mwanao. Namsimulia udongo unaochomwa kama kuni na mvua ya ubavuni. Ananiuliza kama nakula. Ananiombea, na kila dua yake inanishuka mwilini kama maji ya moto. Nikikata simu nakaa sakafuni mpaka giza linanikuta.

Jumapili iliyopita nilipiga kama kawaida. Alipopokea nikasema, "Amahoro, mama."

Hakuitika. Nilisikia pumzi zake tu, na jogoo wa jirani yake mbali.

"Mama? Unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu," alisema taratibu. "Ila mbona leo umenisalimia mara mbili?"

Nikatazama chumba. Kitanda. Cherehani. Mapazia yaliyokunjwa. Nilikuwa peke yangu.

"Mara moja tu, mama."

"Mara mbili." Akashusha sauti, kama anayeniambia siri ambayo hakutaka mwingine aisikie.

"Na ile ya kwanza ndiyo ilikuwa sauti ya mwanangu."