Cherehani Iliyopelekwa Mombasa Kila Agosti

Kalunde aliinua miguu kwenye pedeli ili akate uzi, na cherehani ikaendelea kushona. Haikuendelea sana. Ilipiga mishono michache kando ya kola ya shati la shule, kisha ikatulia. Alilitazama gurudumu, akaitazama pedeli, akajiambia kwamba mkanda umelegea. Mtu aliye na oda ya sare za shule nzima na mume kitandani hana nafasi ya kuogopa vitu vidogo.

Nyumba yao ilikuwa pale sokoni Kalamba. Mbele palikuwa pa kushonea, na nyuma ya pazia la maua kilikuwa kitanda cha mumewe, Ndululu. Miaka mingi Ndululu alifanya kazi ya reli Mombasa, na alipostaafu alirudi na kiinua mgongo ambacho hakikukaa na cherehani ambayo ilikaa. Ilikuwa nyeusi, ya miguu, yenye maua ya dhahabu yaliyofifia shingoni. Iliwasomesha watoto, ikaezeka paa, na mwaka huo ndiyo iliyokuwa ikinunua dawa.

Sasa, kuhusu sevisi. Emali, karibu na stesheni, palikuwa na fundi wa cherehani aliyeitwa Muturi, na mafundi wote wa nguo wa Kalamba walimpelekea zao mara moja kwa mwaka, au walipokumbuka, na wengi hawakumbuki mpaka sindano ivunjike. Ndululu hakuwa hivyo. Kila Agosti alifungua kichwa cha cherehani, akakitia ndani ya gunia, akapita nacho mlangoni pa Muturi mchana kweupe, akapanda treni hadi Mombasa. Watu walimcheka. Mtu anaumwa kichwa Kalamba, anaenda kumezea aspirini baharini.

"Yule mzee wa Mombasa ndiye anaijua," Ndululu alikuwa akijibu. "Kila mwaka. Agosti isipite."

Cherehani ilikuwa ikirudi inanukia udi na marashi ya waridi. Kalunde, mama wa kanisa na mwimbaji wa sauti ya juu, aliianika dirishani mpaka harufu iishe, na hakuuliza. Alidhani mafuta ya pwani ndivyo yalivyo.

Halafu Julai ya mwaka wa themanini na saba Ndululu akaanguka akifunga mbuzi. Kiharusi kilimchukua mikono, miguu na ulimi, kikamwachia macho peke yake. Yeye na mkewe wakapatana hivi: akifumba macho mara moja ni ndiyo, akifumba mara mbili ni hapana. Ndiyo, nina kiu. Hapana, usinigeuze. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, na Kalunde aliyapenda kuliko kimya.

Agosti ikapita. Kalunde aliikumbuka sevisi, lakini angemwachia nani mgonjwa, na huyo mzee wa Mombasa angemtafuta mtaa gani? Isitoshe, cherehani haikuwa na kasoro. Ilikuwa laini kuliko zamani. Mwezi ule Ndululu alifumbafumba macho mchana kutwa bila kuulizwa chochote, na Kalunde akaona ni vumbi, akamfuta kwa kitambaa chenye maji.

Baada ya mishono ile ya kujiendesha, harufu ya udi ikarudi, safari hii bila mtu kuileta. Kalunde akiwa uani anaanika nguo, alisikia cherehani ikifanya kazi, akafurahi kwamba binti yake Mbula amejituma, kisha akamwona Mbula akiingia langoni na mtungi wa maji kichwani. Alipofika ndani kila kitu kilikuwa kimya. Mashati ya shule aliyoyaacha yamekunjwa yalikuwa yamekunjwa vilevile. Alilichukua la juu kulipiga pasi, akakuta shingo imeshonwa ikafungwa. La pili nalo vilevile, na mikono pia, mshono mdogo mzuri kuliko wake. Mtoto hangeweza kuingia ndani ya shati lile, na kama angekuwa ndani, hangeweza kutoka.

Kalunde alikaa chini. Aliogopa sana, na hakuwa na mtu wa kumwambia. Kwetu huku neno jini likitajwa pamoja na Mombasa, watu hawaulizi limetoka wapi. Wanauliza ulilinunua kwa nini, na uliliahidi mtoto yupi. Mbula alikuwa anaolewa Desemba na kijana wa Mbooni, wa familia ya watu waliookoka. Neno moja kwa mchungaji lingevuka soko lote kabla chai haijapoa, na hakungekuwa na harusi. Akafumua shingo zile moja moja kwa wembe, akanyamaza.

"Usiguse cherehani," alimwambia Mbula.

"Na gauni langu, mwaitu? Nani atalimaliza?"

"Nitalimaliza mimi."

Lakini bibi harusi hasikii. Siku ya soko, Kalunde akiwa nje anauza vitambaa, Mbula aliketi kumalizia pindo la gauni lake, na wakati mama yake alipomsikia akiita kwa sauti ya chini, sauti ya mtu asiyetaka majirani wajue, mambo yalikuwa yameshaharibika. Miguu ya Mbula ilikuwa juu ya pedeli, ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka.

"Mwaitu, haitoki," alisema. "Nimejaribu. Haitoki."

Kalunde alimshika kifundo cha mguu akavuta na mguu haukutoka, akalishika gurudumu kwa viganja vyote na gurudumu likamchuna ngozi bila kupunguza mwendo, akachukua mkasi mkubwa akaukata mkanda wa ngozi unaounganisha pedeli na gurudumu, na mkanda ukaanguka sakafuni ukilegea, na pedeli ikaendelea kwa miguu ya binti yake na gurudumu likaendelea lenyewe huko juu, na kitambaa cheupe kikaingia chini ya sindano na mkono wa Mbula ukiwa juu yake, pamoja na pindo la mkono wa blauzi aliyoivaa, kwa sababu ilikuwa imeanza kumshona ndani ya gauni lake, na nje watu walikuwa wakipatana bei ya kunde na kucheka, na Kalunde hakuweza kupiga kelele.

Ndipo Ndululu akatoa sauti nyuma ya pazia. Halikuwa neno. Ilikuwa ngurumo nzito ya kooni, ya mtu anayekemea ng'ombe aliyeingia shambani. Cherehani ikasimama papo hapo. Mbula akaanguka ubavu, gauni likiwa limeshikana na blauzi, sindano ikiwa imefika kwenye ngozi ya kifundo cha mkono.

Kalunde alimpeleka binti yake uani, akamlaza kivulini, akarudi akavuta pazia. Aliongea kwa kunong'ona.

"Baba Mbula. Kuna kitu ndani ya ile cherehani?"

Macho yakafumba mara moja.

"Ulikuwa unakijua?"

Mara moja. Machozi yakatiririka mpaka masikioni.

"Miaka yote hii unanilaza nacho nyumba moja." Alikasirika kweli, na akamfuta machozi huku amekasirika. "Sasa kinataka nini? Kinataka sevisi?"

Mara moja.

"Niite fundi?"

Mara moja, kwa nguvu, na uso mzima ukajaribu kusema zaidi. Kalunde hakuuliza fundi yupi. Alikuwa na fundi mmoja tu anayemjua.

Kesho yake Muturi alishuka kutoka Emali na sanduku la vyuma na maneno mengi. Alikuwa mtu wa Murang'a aliyezoea Ukambani, mnene kidogo, mwenye kupenda kujisikia akiongea.

"Mama, mashine ikikosa sevisi inaanza tabia," alisema akilegeza skrubu. "Hata mtu asipooga anaanza tabia. Ukishona kidogo, mara moja kwa mwaka. Ukishona kila siku kama wewe, mara mbili. Mzee alikuwa ananipita hapo stesheni kama hanioni. Leo ona."

Kalunde alitazama nyuma. Pazia lilikuwa wazi, na Ndululu alikuwa amemkazia macho Muturi. Alifumba mara mbili. Akafumba mara mbili tena. Hapana, hapana. Kalunde akadhani anaogopa kuona kitu kile kikitolewa, na kwa huruma akamgeuza uso ukaelekea ukutani, akavuta pazia.

Muturi aliinua bamba la sindano, akainama akachungulia.

"Hapa chini kunafaa kuwa na vumbi la nyuzi," alisema. "Mwaka mzima ya kushona. Hakuna. Hata kidogo. Nani anafagia huku ndani?"

"Hakuna."

Akafungua tumbo la cherehani. Mle katika uwazi wa mkono wa mashine, mahali ambapo hapafai kuwa na kitu, palikuwa na donge jeusi lenye ukubwa wa ngumi ya mtoto, limezungushiwa uzi mwekundu na nta, na juu ya nta uzi tena, na juu ya uzi nta tena. Harufu ya waridi ikajaa chumbani mpaka ikachosha koo. Muturi akaondoa mikono.

"Hii haijatoka kiwandani," alisema polepole. "Mama, wacha nifunike tu. Nitasema sikupata wakati."

Kalunde alikwenda akasimama mlangoni, mgongo ukiegemea mbao. "Umesema hata mtu asipooga anaanza tabia. Toa."

"Mama."

"Niko na msichana mmoja. Toa."

Muturi alimimina mafuta ya taa, akakwangua kwa bisibisi, jasho likimtoka. Nta ililainika, uzi ukalegea mzunguko kwa mzunguko, na donge likatoka kwa sauti ndogo ya kizibo. Ndani yake hamkuwa na kitu. Lilikuwa tupu kabisa. Pazia la maua, ambalo halikuwa na dirisha karibu, lilivutwa kuelekea ndani, upande wa kitanda, likakaa hivyo kwa muda likiwa limekaza, kisha likarudi. Nyuma yake Ndululu alikohoa.

Uzi ule waliuchoma uani. Muturi alifunga mkanda mpya, akatia mafuta, akakanyaga. Cherehani ilikwaruza, ikalia, ikaruka mishono, ikawa cherehani mbaya kama za watu wengine. Kalunde aliposikia inavyolia alicheka mpaka akashika mbavu. Mbula aliweka mguu, akautoa, akaweka, akautoa.

Muturi alikataa chai. Langoni aligeuka.

"Ile kitu ilifungwa tabaka juu ya tabaka," alisema. "Kama mtu anaongeza moja kila mwaka. Mtu hafungi hivyo kitu anataka itoke, mama."

Kalunde alimshukuru, akafunga lango. Hakutaka kusikia hilo.

Jumapili, baada ya ibada, akina mama wa kanisa walikuja kumwombea mgonjwa kama kawaida yao, wakakizunguka kitanda, wakaimba. Katikati ya wimbo mama mmoja akanyoosha kidole. Blanketi lilikuwa linacheza. Walilifunua. Mguu wa kuume wa Ndululu, ambao haukuwa umesogea tangu Julai, ulikuwa unasogea.

Wakalia kwa furaha. Mmoja akapiga magoti, mwingine akatoka mbio kumwita mchungaji. Mbula alimkumbatia mama yake, akisema baba amepona, baba atanisindikiza kanisani. Kalunde aliutazama ule mguu. Kisigino kilishuka, vidole vikainuka. Vidole vikashuka, kisigino kikainuka. Ulikuwa na mwendo mmoja, laini, usiokwaruza, na yeye aliujua mwendo ule katika magoti yake mwenyewe. Kisha mguu wa kushoto ukaanza nao, sambamba.

Aliweka kiganja juu ya mguu na kuukandamiza godoroni. Mguu uliuinua mkono wake, ukaushusha, ukauinua. Midomo ya Ndululu ilikuwa imefungwa pamoja sana, na Kalunde alipoinama aliona kwenye pembe ya mdomo mkunjo mdogo sana wa ngozi, kisha mwingine kando yake, kwa nafasi zilizolingana kama za mshono, ukielekea katikati. Pumzi yake ilinukia waridi. Juu ya mdomo ule, macho yalikuwa wazi yamemwelekea.

Wimbo ulikuwa umepanda. Hangeweza kuusimamisha, na hakuna aliyekuwa mle ndani ambaye angeweza kumwambia kwa nini ausimamishe. Akasogeza mdomo mpaka kwenye sikio la mumewe.

"Baba Mbula," alinong'ona. "Ni wewe unatembeza hiyo miguu?"

Macho yakafumba. Yakafunguka, yakamtazama, yakafumba tena.