Dume Aliyevuka Uzio

Haya ni kweli tupu. Nikitia chumvi hata punje moja, ulimi unikauke.

Watoto wa nguruwe walikuwa wamelazwa safu moja kwenye sakafu ya zizi, wote wamekufa, mikia imelowa kwa kuhara. Inspekta aliwatazama, kisha akatazama viatu vyake. Vilikuwa vipya.

"Sumu hiyo," alisema mwenye zizi. "Kaniwekea mdogo wangu, huyo wa upande wa pili wa uzio. Hatusemezani tangu baba afariki."

"Ulimwona?"

"Nimwone wapi, afande? Ana hila."

"Sasa umejuaje?"

"Tumenyonya ziwa moja, nisimjue?"

Inspekta akamkamata mdogo mtu, maana wakubwa walishaanza kupiga simu. Mkewe akabaki nje ya kituo, mtoto mgongoni, nguruwe wao hawana wa kuwalisha.

"Kesho ni mahakamani," Inspekta alimwambia mdogo mtu rumande. "Uliweka sumu?"

"Sikuweka."

"Aliweka nani?"

"Afande, polisi ni mimi au wewe?"

Simu ikalia. Daktari wa mifugo, kutoka maabara.

"Hakuna sumu. Ni virusi vya korona vya utumbo."

"Kwa hiyo nikavitie pingu?"

"Nisikilize kwanza. Vya zizi la kaka nilishavipima zamani, na vya mdogo pia. Havifanani. Sasa hivi vilivyoua vina mwanzo wa vile vya kaka na mwisho wa vile vya mdogo."

"Vimeoana?"

"Tuseme hivyo. Vikikutana ndani ya utumbo wa nguruwe mmoja, hubadilishana vipande vya vinasaba, kikazaliwa kirusi kipya. Kuna nguruwe kaingia mazizi yote mawili."

"Wote wameniapia hata kuku hajavuka."

"Kuku simjui. Nguruwe kavuka."

Inspekta akarudi kwenye tope la zizi la kaka, akilaani kimoyomoyo siku aliyojiunga na jeshi.

"Huyu jike mwingine, asiye na watoto, kapandwa lini?"

"Wiki iliyopita," alisema kaka.

"Na nani?"

Kaka akamwonyesha dume wake. Alikuwa amelala ubavu, mzee, miguu ya nyuma imekwisha, chakula anasogezewa mdomoni.

"Huyu?"

"Huwa anajikaza."

"Mzee, usinichoshe. Viatu vimeharibika, sijala tangu asubuhi, na ndugu yako yuko ndani. Dume wa nani?"

Kaka akainama. "Wa mdogo wangu."

"Ulimpataje?"

"Mdogo wangu alikuwa safarini. Nikamvika dume koti langu la mvua na kofia, nikamshika mkono, tukapita getini. Mlinzi akamwamkia shikamoo. Akaguna. Mlinzi akaridhika."

"Kwa nini hukuomba tu?"

"Niliapa mbele ya ukoo mzima kwamba sitamwomba hata maji. Watoto walipoanza kufa, nikajua watu watauliza. Nikaona heri yeye aitwe muuaji kuliko mimi kuitwa mwombaji."

"Panda gari," alisema Inspekta. "Yeye anatoka, wewe unaingia. Mkipishana mlangoni, utaanza wewe kusalimia."

Nilipofika hapo kusimulia, mpwa wangu, binti anayefanya kazi maabara, akaweka kikombe chini.

"Mjomba, majibu ya vinasaba yalitoka siku hiyohiyo?"

"Walikuwa na haraka."

"Na dume akatembea kwa miguu miwili?"

"Si nimesema alishikwa mkono?"

"Mjomba."

Meza nzima ikanigeukia. Nikamwita muuza chai, nikamwambia awajazie wote, juu yangu. Nikaongeza kwamba ile kofia ilikuwa nyekundu.

Wakaagiza na mkate.