Maharage ya Fundi

Hebu niambie, umewahi kupika kwenye jiko la watu wote? Kupika kwenu peke yenu ni jambo moja. Kupika mahali ambapo ukigeuka unagongana na sufuria ya jirani, hilo ni jambo lingine kabisa.

Nyumba aliyokaa Kiherehere ilikuwa na jiko la namna hiyo: chumba chembamba uani, kidirisha kimoja, kuta nyeusi kwa masizi, na majiko mawili ya mkaa yaliyokaa bega kwa bega. Jina la Kiherehere alipewa na bibi yake, kwa kuwa alikuwa hawezi kusubiri. Chai ataiwahi ikimchoma ulimi, na kamba za viatu atazifunga akiwa njiani.

Jumamosi hiyo alikuwa na furaha. Goti la Bibi lilikuwa linauma, na kwa mara ya kwanza Kiherehere aliruhusiwa kupika peke yake mchuzi wa viazi wa nyumbani kwao, ili mama yake akirudi kazini jioni aukute tayari.

"Vitunguu, mjukuu wangu," Bibi alisema akiwa amejinyoosha kitandani. "Moto mdogo, ugeuze taratibu mpaka vipate rangi ya ganda la mkate. Ukiniharibia, nauchukua mwiko wangu na huushiki tena mpaka uolewe."

"Basi nitaolewa sijui kupika, Bibi."

"Atapika mumeo. Nenda."

Jikoni mambo hayakwenda. Mkaa wake ulikuwa na unyevu. Alipepea mpaka mkono ukachoka, akapata moshi na machozi. Jiko la pili lilikuwa jekundu kama nyanya. Hilo lilikuwa la Fundi, jirani yao, mwanamke mshona nguo aliyeishi peke yake. Kila Bibi alipomkaribisha chakula, Fundi alijibu, "Ahsante, mama, nimeshiba." Mchana huo alikuwa amebandika maharage yake, yanatokota, naye amerudi chumbani kumalizia sare za wanafunzi.

Kiherehere alichungulia uani. Hapakuwa na mtu. Akaiepua sufuria ya Fundi, akaiweka sakafuni, akabandika yake.

"Vitunguu tu," alijiambia, "halafu namrudishia."

Lakini vitunguu vilipoiva vizuri akaona atie nyanya, na nyanya zilipolainika akaona viazi navyo visingoje. Mchuzi ulipokuwa tayari, mkaa wa Fundi ulikuwa umebaki majivu. Akasikia cherehani imenyamaza. Haraka haraka akairudisha ile sufuria. Aliona maji yamepungua, na ili Fundi asishtuke, akachota maji baridi ndooni akajazia.

Fundi aliingia, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Akachota harage moja, akalibonyeza, akalitafuna.

"Kokoto," alisema. "Nimeyaloweka tangu jana, yamemaliza mkaa wote, bado kokoto. Yule muuza duka kaniuzia maharage ya zamani. Namfuata sasa hivi, ayatafune mwenyewe mbele ya wateja wake."

Akajitanda mtandio, akabeba sufuria. Kiherehere alimfikiria yule mzee wa dukani, ambaye kila akimpimia sukari humwongezea kidogo. Akautazama na mwiko mkononi mwake.

"Shangazi Fundi, ngoja. Muuza duka hana kosa. Ni mimi."

Akasema yote, mpaka yale maji.

Fundi aliitazama sufuria yake. "Umeyashusha chini, kisha ukayamwagia maji baridi. Mwanangu, hata mimi ningenuna."

Bibi alikuwa amesikia kupitia kidirisha. Alikuja akichechemea, akanyoosha mkono. Kiherehere akampa mwiko, machozi yakimlengalenga. Bibi akachota mchuzi, akaonja.

"Vitunguu vimeiva," alisema. "Sasa nisikilize. Ungemwomba Fundi moto, angekupa. Kuchukua bila kuomba ni kosa. Lakini yale maji uliyatia ili mwenzio asijue, na kwa sababu yake nusura mtu mwingine atukanwe bure. Umesema mwenyewe kabla hajatoka mlangoni, kwa hiyo mwiko shika. Kesho utamwashia Fundi jiko kwa mkaa wetu, ukae hapa kwenye kigoda mpaka maharage yaive. Utajifunza kusubiri."

"Ndiyo, Bibi. Nisamehe, shangazi."

"Yamekwisha," Fundi alijibu.

Kiherehere akaleta sahani. Bibi akageuka. "Fundi, karibu tule."

"Ahsante, mama, nimeshiba."

Kiherehere aliyatazama yale maharage magumu. Fundi naye akayatazama. Kisha akacheka, akavuta kigoda, akaketi.

"Mtoto amesema kweli, mimi mtu mzima bado nadanganya," alisema. "Tangu nihamie hapa, harufu ya mchuzi huu inanifuata mpaka kwenye cherehani. Sijawahi kushiba hata siku moja niliyosema nimeshiba. Nilikuwa nataka kula na nyinyi."