Meza Tatu za Swaumu

Siku za shule, ikifika saa tisa na nusu alasiri, hakuna aliyehangaika kumtafuta Swaumu. Akishavua sare na kula, alikata njia ya mchanga nyuma ya nyumba yao pale Zinga, akaingia katika duka la shangazi yake, Biubwa. Lilikuwa duka la steshenari kando ya barabara kuu. Ndani mlikuwa na madaftari, kalamu, mashine ya fotokopi iliyokohoa kabla ya kutoa kila karatasi, na kompyuta moja. Kompyuta hiyo ndiyo iliyomvuta. Swaumu alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alipiga chapa haraka kuliko shangazi mwenyewe, jambo ambalo shangazi hakupenda likumbushwe mbele ya wateja.

Shangazi Biubwa alikuwa mtu wa mpangilio. Ndani ya kompyuta alikuwa ameweka kile alichokiita meza tatu. Meza ya kwanza ilikuwa ya mitihani ya shule, ya pili ya kadi za harusi, na ya tatu ya kazi za madrasa. Ukibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, meza moja inaondoka na nyingine inakuja, na kila dirisha liko pale pale ulipoliacha. Ukitaka kutazama picha huku unaandika, unalisukuma dirisha la picha hadi ukingo wa kulia, nalo linakaa nusu ya kioo. La kuandikia unalisukuma kushoto, linakaa nusu ya pili. Swaumu alikuwa amezizoea meza hizo hata vidole vyake vikawa vinakwenda vyenyewe.

Wiki hizo kulikuwa na kazi moja kubwa. Bi Hajra, mwalimu wa wasichana madrasani, alikuwa na daftari la kasida alilolirithi kwa marehemu mama yake. Kasida zenyewe zilikuwa za Kiswahili, lakini zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama watu wa zamani walivyofundishwa chuo cha Kurani. Wasichana wa siku hizi walizisoma kwa kusuasua, na Maulidi ya madrasa, siku ya Ijumaa, ilikuwa inakaribia. Wakaomba kijitabu cha herufi za shuleni.

Bi Hajra alikubali kijitabu, ila daftari lisitoke nyumbani kwake hata hatua moja. "Hili ni mkono wa mama yangu," alisema. "Likipotea, amekufa mara ya pili." Basi Shangazi Biubwa akaenda na simu yake, akalipiga picha ukurasa kwa ukurasa, kurasa thelathini. Swaumu akawa anasoma picha upande wa kulia na kuandika upande wa kushoto. Kufikia Jumatatu ya wiki ya Maulidi alikuwa amemaliza kurasa ishirini na mbili.

Jumatatu hiyo shangazi akapata taarifa ya msiba Ubena. Akafunga mkoba haraka haraka, akasimama mlangoni.

"Sikiliza, Swaumu. Usipokee kazi mpya. Maliza ya Bi Hajra tu. Na kile kisanduku kinachojitokeza kila siku kuomba apdeti, bonyeza 'Baadaye' mpaka nirudi nikisome."

"Sawa, shangazi. Wape pole."

Kisanduku hakikukawia. Swaumu hajamaliza hata beti mbili, kikajitokeza katikati ya kioo: masasisho mapya yako tayari. Akabonyeza "Baadaye". Baada ya robo saa kikarudi. Akabonyeza tena. Kiliporudi mara ya tatu kilimkuta na rafiki yake, Sabiha, aliyekuwa ametumwa nazi na sasa ameegemea kaunta anatazama.

"Si ukubali tu kikuache?" Sabiha alisema. "Mimi simu ya dada nakubali kila siku. Inakuja na vikatuni vipya."

"Shangazi kasema nisubiri."

"Shangazi yako yuko Ubena. Mzoea punda hapandi farasi, mwenzangu."

Swaumu alikuwa amechoshwa na kile kisanduku. Pia, tuseme kweli, alitaka kuona hivyo vikatuni. Akabonyeza "Kubali".

Kompyuta ikazima. Ikawaka. Kiduara kikazunguka kwa dakika arobaini. Sabiha akakumbuka nazi yake akaondoka mbio. Hatimaye kioo kikafunguka, rangi mpya, picha mpya ya milima, na maandishi makubwa: "Karibu! Sasa kazi zako ni rahisi zaidi."

Swaumu akabonyeza vile vitufe viwili. Kimya. Akabonyeza tena kwa nguvu, kana kwamba kompyuta ni kiziwi. Meza tatu hazikuwepo. Madirisha yote yalikuwa yamerundikwa mahali pamoja, mtihani wa darasa la nne juu ya kadi ya harusi, kadi ya harusi juu ya kasida. Akalisukuma dirisha la picha hadi ukingo wa kulia. Likajikunja, likawa kipicha kidogo kama stempu, likajipanga pembeni kwenye foleni na wenzake. Akalifungua. Likafunika kila kitu.

"Rahisi kwa nani?" Swaumu alifoka peke yake dukani.

Na hapa hata mimi ninayesimulia namwonea huruma. Sijui nani aliwaambia watengenezaji wa vitu hivi kwamba mtu anayejua chumvi yake ilipo anataka aamke akute imehamishwa, tena aambiwe hongera. Ungekuwa jikoni kwako ungemfukuza mtu. Kwenye kompyuta humwoni wa kumfukuza.

Kwa saa nzima Swaumu alihangaika. Kila alipogusa hiki, kilifunguka kile. Mwisho akajaribu kuandika hivyo hivyo, akikariri mstari kwenye picha, anafunga, anafungua pa kuandikia. Aliandika mistari sita kabla ya kugundua kwamba alikuwa akiandika ndani ya kadi ya harusi ya Ishaka na Zuhura. Familia zote mbili zilikuwa na furaha kukualika, halafu papo hapo ikafuata kasida ya kumswalia Mtume. Akafuta huku machozi ya hasira yakimlenga.

Jioni simu ikaita. Alikuwa shangazi.

"Umefika ukurasa wa ngapi?"

"Shangazi, kompyuta imeharibika. Meza zote zimepotea."

"Zimepotea vipi? Umebonyeza nini?"

"Sijabonyeza kitu. Imejizima yenyewe, ilipowaka ikawa hivi. Labda virusi."

"Virusi! Basi usiiguse. Nitamwambia fundi Twalha aje kesho aichukue, aisafishe, aiweke upya."

Swaumu alipokata simu aliogopa, lakini chini ya woga huo palikuwa na furaha ndogo. Ikiwekwa upya, meza zake tatu zitarudi, na hakuna atakayejua. Uongo ulionekana kama umefanya kazi nzuri.

Jumanne alasiri fundi Twalha akafika na pikipiki kutoka Bagamoyo mjini.

"Shikamoo, kaka Twalha."

"Marahaba. Mgonjwa yuko wapi?" Hakungoja jibu. Akapiga magoti chini ya meza, akaanza kuchomoa nyaya. "Naondoka nayo. Nitafuta kila kitu kilichomo, kesho inarudi mpya kabisa."

"Kila kitu?" Swaumu aliuliza. "Hata kazi za watu?"

"Kila kitu. Hamna nakala mahali pengine?"

"Hatuna. Kwani huwezi kuzihamisha kwanza kwenye flashi?"

Twalha akacheka. "Penye virusi? Vihamie kwenye flashi yangu, kesho viwe kwenye kompyuta za wateja wangu wote? Hapana, mdogo wangu. Penye virusi mimi sihamishi kitu."

Kurasa ishirini na mbili. Swaumu alizihesabu moyoni, wiki mbili za kusoma herufi moja moja, na wasichana madrasani wanaosubiri, na Bi Hajra aliyeruhusu daftari la mama yake lipigwe picha kwa mara ya kwanza. Twalha alikuwa amebakiza waya mmoja. Angenyamaza, kurasa zingekwenda. Angesema, aibu ingekuwa yake peke yake. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika mwisho.

"Usichomoe!" alisema, sauti ikatoka juu kuliko alivyotaka. "Haina virusi. Ni mimi. Nilikubali apdeti, na shangazi alinikataza."

Twalha akatoka chini ya meza, vumbi kichwani. Hakucheka tena. "Unajua nimetoka Bagamoyo kwa ajili ya virusi vyako?" Akarudishia nyaya moja moja, akinung'unika. Akaiwasha, akapekua huku na huku. "Ni nzima. Lakini hizo meza zenu haziwezi kurudi. Waliotengeneza wameziondoa. Na mimi nilizipenda, usidhani. Tazama, madirisha mawili sasa yanapangwa kutokea huku." Akamwonyesha kitufe kilichojificha pembeni. Madirisha mawili yakakaa sambamba kweli, lakini kila moja likiwa limezungukwa na mapambo mengi, na mwandiko kwenye picha ukawa mdogo hausomeki.

"Kwa kioo chenu hiki kidogo, ndiyo hivyo," Twalha alisema. Kabla ya kuondoka alinakili kurasa zote ishirini na mbili kwenye flashi, akamkabidhi. "Sasa mpigie shangazi yako. Mimi sitampigia. Maneno ni yako."

Swaumu akapiga. Alisema yote bila kupumzika, kisha akangoja. Shangazi akasema tu, "Nakuja kesho," akakata. Afadhali angegomba.

Alifika Jumatano mchana, mtandio bado una vumbi la safari, akamkuta Swaumu ameshatoka shule. Hakuitikia "shikamoo". Alikaa mbele ya kompyuta, akabonyeza vitufe viwili, akaona kimya, akabonyeza tena.

"Meza zangu," alisema. "Miaka minne nimezipanga." Akasukuma dirisha. Likajikunja kuwa stempu. Akalifungua, likafunika kila kitu. Akasonya msonyo mrefu hata mashine ya fotokopi ikanyamaza. "Sasa huu ni ujinga gani? Nani aliwaomba?" Swaumu alitaka kucheka, akaona si wakati wake.

"Picha hazisomeki, shangazi. Zimebaki kurasa nane."

"Nimeona. Na kabla ya haya madirisha watu hawakuwa wakipiga chapa? Nenda kwa Bi Hajra. Mwombe aje atusomee, wewe uandike. Na umweleze mwenyewe kwa nini tunamsumbua."

Swaumu alitembea kama mtu mwenye mwiba mguuni. "Hodi," alisema mlangoni. "Shikamoo, Bi Hajra."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kijitabu tayari?"

Akaeleza, macho chini, apdeti na virusi vya uongo na kurasa zilizoponea chupuchupu. Bi Hajra alimsikiliza mpaka mwisho. "Ningekasirika," alisema, "lakini umekuja na miguu yako." Akaingia ndani. Alipotoka, daftari lilikuwa kwapani, limefungwa kwa khanga. Lilikuwa linatoka nyumbani kwa mara ya kwanza.

Jumatano hiyo na Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, Bi Hajra aliketi kando ya kompyuta akasoma, na Swaumu akaandika. Hakusoma kavu kavu. Aliimba kidogo kidogo, na akikosea mahadhi alirudia. Kazi ilikwenda haraka kuliko ya picha. Alhamisi, magharibi ikikaribia, wakafika ukurasa wa mwisho. Bi Hajra akasoma beti za mwanzo, kisha akashusha sauti:

"Tamati hapa nakoma,
Jina langu Mwanahija,
Mniombeeni mema,
Na siku yangu ikija."

Swaumu aliacha kuandika. Alikuwa amefungua picha ya ukurasa ule ili ahakikishe. "Bi Hajra, ubeti huo kwenye picha haumo."

Shangazi Biubwa akainama, akatazama picha, akatazama daftari. Picha ilikuwa imekatwa chini. Ule ubeti wa kutia saini, ambao kila mtunzi huuweka mwisho ili jina lake lisipotee, ulikuwa umebaki nje. Kijitabu kingetoka bila jina la mwenye kasida, na wasichana wangeimba miaka na miaka bila kumwombea.

Swaumu alimtazama shangazi. Shangazi angeweza kuilaumu simu. Angeweza kulaumu mwanga.

"Ni mimi," Shangazi Biubwa alisema. "Nilipiga kwa haraka, sikuangalia. Nisamehe, Bi Hajra. Ningemfuta mama yako."

"Nimekusamehe," Bi Hajra alijibu, akipangusa macho kwa pembe ya khanga. "Andika, mjukuu wangu. Andika jina lake."

Swaumu akaandika. Printa ikaanza kutoa kurasa. Bi Hajra alipokwisha kuondoka, Swaumu alisema taratibu, "Shangazi, kumbe ile apdeti imetusaidia. Bila hiyo tusingemwita Bi Hajra."

"Ee, wee! Heri hiyo ni ya Mungu, si yako," shangazi alimkata. "Usiuvishe uongo wako kanzu." Kisha akavuta kiti karibu, sauti ikapungua. "Sikia, mwanangu. Kompyuta imebadilika, nimeudhika, na kesho bado nitaudhika. Lakini hayo tutajifunza upya, vidole vitazoea. Kosa la kubonyeza nalo lina dawa yake, ukiliambia mapema. Bali mtu akizoea kusema 'imejifanya yenyewe', huyo hakuna fundi wa kumchukua kwa pikipiki akamsafishe. Ataishi na virusi vyake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, shangazi. Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu uliponipigia simu ukasema kweli. Nilikuwa nimekasirika tu."

Ijumaa alasiri madrasani, wasichana walifungua vijitabu kuanzia kulia, kama Bi Hajra alivyotaka, wakaimba mpaka ukurasa wa mwisho. Walipotaja jina la Mwanahija, Sabiha aliimba kwa sauti kubwa kuliko wote, na Bi Hajra akainua mikono kuomba dua.

Jumamosi Swaumu alikuwa dukani, anagombana na madirisha, anasonya kama shangazi yake. Ghafla katikati ya kioo kikajitokeza kisanduku: masasisho mapya yako tayari. Akaondoa mkono kwenye kipanya, akaugeukia mlango wa nyuma.

"Shangazi!" aliita. "Kimekuja tena. Njoo tukisome pamoja."