Filimbi ya Rekodi ya Tatu

"Hebu rudia ulichosema redioni," mpiga filimbi alisema kwenye simu, kwa upole uliopita kiasi.

Mtangazaji alikuwa bado studioni. Kipindi chake cha Jumapili mchana kilikuwa kimeisha dakika mbili tu zilizopita.

"Nimesema mengi, mpenzi. Lipi?"

"La yule mpiga filimbi anayejikokota."

"Aah, wa rekodi ya tatu! Wenzake wanataka kuendelea, yeye kang'ang'ania noti moja!"

"Ni mimi."

Jamani, mdomo! Kila wiki mtangazaji huyu alimwomba fundi mitambo ampigie rekodi bila kumwonyesha majalada, ili asipendelee mtu. Siku hiyo alilinganisha rekodi za okestra tatu zilizopiga simfonia ya mama mmoja wa karne ya kumi na tisa, mtunzi hodari ambaye kazi zake zilisahauliwa kabatini kwa sababu tu alikuwa mwanamke. Na hapo hapo, watu wote wakisikia, akamponda mwanamke ambaye wiki moja nyuma yeye mwenyewe alimwomba wafunge ndoa.

"Hukuwahi kuniambia mlirekodi!"

"Nilimpa fundi wako rekodi kwa siri. Nilitaka unisifu bila kujua ni mimi. Na jibu la ndoa nilipanga kukupa leo. Sasa sahau."

Simu ikakatwa.

Jumatano jioni mtangazaji alibisha hodi kwa mpiga filimbi, rekodi zote tatu mkononi.

"Kama umekuja kunibembeleza, geuza."

"Nimekuja kuuliza. Nimezirudia tangu Jumapili. Ile noti hukuteleza, uliishikilia makusudi. Kwa nini?"

Mpiga filimbi akafungua droo, akaweka mezani nakala ya mwandiko wa mtunzi mwenyewe. Juu ya noti ya filimbi kulikuwa na alama ndogo ya wino.

"Hii inasema subiri. Waliochapisha baadaye wakaifuta, wakidhani mama wa watu kakosea. Wale wengine wanafuata kitabu cha wachapishaji. Sisi tulipiga alichoandika yeye."

Wakakaa kusikiliza rekodi ya tatu. Okestra ikanyamaza, filimbi ikabaki peke yake, ndipo fidla zikarudi taratibu. Mtangazaji alifuta machozi wala hakuona haya. Lakini jibu hakupewa. Alipewa chai, akaaga.

Jumapili ikafika.

"Wapenzi wasikilizaji, wiki iliyopita nilikosea, tena vibaya," alisema redioni. "Katika rekodi hizi, filimbi inayomtii mtunzi ni ya tatu peke yake. Ila sehemu ya mwisho, okestra hiyo inakimbia mno. Hapo ya pili inaishinda."

Fundi mitambo akashika kichwa. Mtu anatafuta mke, huyu!

Muziki ulikuwa bado unapigwa hewani simu ilipoita.

"Eti tunakimbia?"

"Mnakimbia, mpenzi."

Akasikia kicheko.

"Tulikimbia kweli. Ukumbi walitupa mpaka saa kumi tu, na mlinzi alishaanza kufunga madirisha. Ungesifia kila kitu ningejua unanipaka mafuta, na ningekukataa leo leo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mwambie mama yako aache kuniita 'yule rafiki yako'. Aanze kuniita mkwe."